Mgeni wa Bahasha 412

Watu wa Tabora tunapiga hodi mara tatu. Ya kwanza ya kumshtua mwenyeji, ya pili ya kumpa nafasi ajisitiri, ya tatu ya kujiandaa kwenda zako. Hodi aliyoisikia Thuraya binti Humaidi, Alhamisi moja saa nne ya asubuhi, Desemba ya mwaka sabini na tatu, ilipigwa mara moja tu, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye adabu sana. Na haikutoka mlangoni. Ilitoka kabatini.

Hilo la kabatini alikuja kulikumbuka baadaye. Wakati ule kichwa chake kilikuwa juu ya kadi, kalamu mkononi, na mdomo ukajibu wenyewe kama ulivyolelewa: "Karibu! Karibu, pita ndani."

Ndiyo hivyo, neno limetoka. Sasa tulieni niwaeleze Thuraya ni nani, maana najua wengine mna haraka ya jini kabla hamjamjua mtu.

Thuraya alikuwa karani wa kituo kimoja cha kilimo nje kidogo ya mji, njia ya Ipuli. Chumba chake kilijaa makabati, na makabati yalijaa mimea mikavu, mingine imegundishwa kwenye karatasi ngumu, mingine imetiwa bahashani. Msidhani ni maua ya kupendeza. Yote ilikuwa mimea migonjwa, iliyoliwa na ukungu wa kila aina: majani ya maharage yenye kutu, mahindi yaliyooza, masuke ya mtama yenye fugwe, yale masizi meusi yanayokaa mahali pa punje. Kila bahasha ilikuwa na namba na maelezo yake: mmea gani, ugonjwa gani, ulichumwa wapi, lini, na nani. Waingereza ndio waliokusanya na kuandika kwa lugha yao. Sasa serikali imesema Kiswahili, na kazi ya kuhamisha kumbukumbu zote hizo kwenye kadi mpya ilimwangukia Thuraya. Alikuwa amefika bahasha ya mia nne na kumi na mbili.

Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Babu zake walikuja Tabora na misafara ya Waarabu, wakaoa, wakazikwa hapa hapa, na yeye mwenyewe akaolewa na Mfaume, fundi baiskeli wa mjini, mtu wa maneno machache na mikono ya grisi. Miaka tisa ya ndoa, mimba tatu, zote zikatoka. Hii ya nne ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Hakuna nyingine iliyowahi kufika hapo. Na mtoto mwenyewe alikuwa mchezaji kwelikweli: mama akila, teke, akilala, teke, akishuka sijida, teke, hata siku moja akacheka ndani ya sala na kulazimika kuanza upya. Usiku Mfaume alikuwa akiweka sikio tumboni na kusema, "Huyu atakuwa dereva wa lori."

Sasa kosa lake. Thuraya alisomea chuo cha Kurani kwa maalimu, na watoto wa chuo hawaandiki kimya. Unachoandika unakisoma kwa sauti, la sivyo fimbo. Basi mpaka ukubwani alikuwa akiandika huku akisoma, na asubuhi ile alikuwa akisoma hivi: "Namba mia nne na kumi na mbili. Mmea, mtama. Ugonjwa, fugwe. Mahali, kambi ya zamani ya wapagazi, njia ya Ujiji, mbele ya Usinge. Umechumwa mwezi wa Mei, mwaka thelathini na moja. Maelezo: mtama huu umeota wenyewe juu ya makaburi ya wapagazi. Wenyeji hawaukati. Wanasema mwenyewe yupo."

"Hodi," ikasema ile sauti.

"Karibu! Karibu, pita ndani."

Aliinua macho. Hapana mtu. Mlango ulikuwa wazi, nje jua la baada ya mvua likiwaka kwenye mchanga, na mchanga haukuwa na unyayo hata mmoja. Alipogeuka, kiti cha wageni, ambacho siku zote kilikaa ukutani, kilikuwa mbele ya meza yake. Harufu ya dawa ya nondo iliyozoeleka chumbani ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa na harufu ya sufuria iliyounguzwa kisha ikanyeshewa. Thuraya akaweka mkono tumboni, kama afanyavyo kila saa, kungoja teke. Akangoja. Akangoja tena, mpaka wino wa kalamu ukakauka.

Aliyeingia kweli alikuwa Mzee Lugembe, mkaushaji wa mimea wa kituo, Mnyamwezi wa kule kule Usinge, ambaye kazi yake ilikuwa kubana majani kwenye magazeti na kuyageuza kila siku hadi yakauke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Humaidi." Akasimama kizingitini, akamtazama sana. "Lo! Leo umependeza. Uso unang'aa."

Thuraya hakufurahi. Yeye alikuwa amehamisha kadi hamsini za fugwe mwezi ule, na alijua ugonjwa huo tabia yake. Unaingia kwenye mche ungali mchanga, unakaa ndani kimya, na mtama ulioshikwa haukondi wala haugeuki manjano. Unapendeza kuliko mwenzake. Unakuwa mrefu, wa kijani kibichi, mpaka mwenye shamba anajisifu. Siku ya kutoa suke ndipo unakuta mahali pa punje pamejaa masizi.

"Mzee," alisema taratibu, "kuna mtu amepiga hodi, nikamkaribisha. Simwoni."

Lugembe akaitazama kadi mezani. Alisoma polepole, midomo ikitembea, na alipofika mwisho akavua kofia.

"Hii umeisoma kwa sauti?"

"Nimeisoma."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa lugha gani nyingine, mzee? Ndiyo kazi niliyopewa."

Lugembe akashusha sauti kama mtu aliye msibani. Akasema kwao watoto walikatazwa kuitaja kambi ile. Zamani za misafara, wapagazi walipowasha moto pale jioni, alikuwa anakuja mtu wa heshima, anapiga hodi moja, wanamkaribisha, maana nani anamnyima mgeni moto? Anakaa nao. Hagusi chakula. Lakini asubuhi wakifungua mizigo ya mtama wanakuta magunia yamejaa vizuri na ndani ni masizi matupu, na wale watu waliendelea na safari huku wamenenepa, wanang'aa, wakaanguka mmoja mmoja. "Mzungu aliyechuma suke hilo alimfungia kwenye bahasha bila kujua. Lakini aliandika kwa Kiingereza, na huyu mwenyewe Kiingereza hakijui. Miaka arobaini na miwili hajasikia mtu akimtaja."

"Na mimi nikamtaja."

"Ukamtaja, ukamkaribisha."

"Ebo!" Thuraya akasimama, akakamata kile kiti, akakirudisha ukutani kwa kishindo. Alipokaa tena, kiti kilikuwa mbele yake.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Mfaume alikuwa ameketi mkekani na ugali ukaletwa, ugali mweupe wa sembe uliosongwa vizuri ukasimama. Akakata tonge. Ndani ulikuwa mweusi tii, mkavu, unga mwembamba ukamwagika vidoleni. Akakata upande wa pili, ule ule. Akavunja yai la kuchemsha. Masizi. Mke na mume wakatazamana, na Mfaume, ambaye hakuwahi kumwuliza mkewe swali mara mbili, aliuliza mara tatu kwa mnong'ono, "Mtoto amecheza leo? Thuraya, amecheza? Niambie, amecheza?"

"Hajacheza tangu saa nne," akasema, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Miaka tisa! Miaka tisa ya kungoja, halafu aje mtu wa kabatini.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mkunga. Mkunga aliweka kile chombo chake cha mbao tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu. "Moyo upo," alisema, "ila uko mbali, kama mtu anayegonga nyumba ya tatu. Pumzika. Lakini hongera, mama, umenawiri kweli." Njiani wanawake wanne walimsimamisha kumsifu. Mmoja alimwuliza anajipaka nini. Thuraya alitembea kati ya sifa hizo akiharakisha hatua, kwa kuwa alijiona kwenye kioo cha duka la nguo, mashavu yamejaa, ngozi laini, macho maangavu, na hajawahi kuwa mzuri vile tangu azaliwe.

Wala hakwenda nyumbani kupumzika. Alikwenda kazini, akafunga mlango, akakaa mezani, akakitazama kiti. Kwenye kikalio kulikuwa na vumbi jeusi, na katikati ya vumbi pamebonyea mahali pa mtu kukaa.

"Wewe ni nani?"

"Mgeni," ikajibu ile sauti ya adabu, ya chini, haina pumzi.

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Nimekaribishwa."

"Nakuondolea karibu yangu. Toka."

"Nyumba ya Humaidi haijawahi kumfukuza mgeni," ikasema sauti. "Babu yako alinipa mkeka. Nimekula kwa babu yako, nitakula kwako. Nakaa tu, binti. Nakaa mahali pa punje, kimya, simsumbui mtu."

Ndugu zangu, mwanamke mwingine angekimbia, wala nisingemlaumu, mimi mwenyewe ningetoka na dirisha. Thuraya alichukua chupa ya wino akairusha kwenye kile kiti. Wino ukapasukia hewani na kumwagika juu ya umbo la goti, goti jembamba lililokunjwa kama la mtu aliyeketi na kutulia, kisha ukadondoka chini na goti halikuonekana tena, na ile harufu ya sufuria iliyonyeshewa ikamjaa mdomoni mpaka akatema mate meusi kwenye kanga yake.

Mkuu wa kituo, Bwana Kasimiri, alikuja mbio kwa ule mlio. Msomi, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Aliona vumbi jeusi kitini akapumua kwa nafuu. "Ah, Ndugu Thuraya, hizi ni mbegu za ukungu tu, bahasha imepasuka. Ni laini kuliko unga. Ukizivuta unaona mambo."

"Basi kaa kwenye kile kiti, Ndugu Mkuu."

Bwana Kasimiri akakaa, kwa kuonyesha. Akainuka. Hakusema amekalia nini. Alijipangusa suruali kwa leso muda mrefu, akasema kesho ni Jumamosi, siku ya shamba la pamoja, na yeye angekwenda kukagua mipaka.

Lugembe ndiye aliyekwenda kumleta Maalimu Twalibu, mganga wa majini wa mjini, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi na ulimi mkali. Alifika baada ya sala ya Ijumaa. Hakufungua mkoba. Alisimama mlangoni, akanusa, akauliza swali moja tu: "Aliingia mwenyewe au alikaribishwa?"

"Alikaribishwa," akasema Thuraya.

"Kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu."

Twalibu akageuza viatu. "Mimi natoa wezi, sitoi wageni. Jini aliyevamia namchoma ubani, namsomea, anapanda mbuyu anaokaa. Huyu nikimfukuza nitakuwa mimi mwenye makosa. Atarudi kesho na haki yake mkononi, na atarudi kwa ukali."

"Kwa hiyo nimpikie? Nimtandikie kitanda? Mtoto wangu anakwisha humu ndani, Maalimu, wewe unaniambia habari za haki?" Thuraya alipiga meza. "Mimi nimepiga kura nchi hii. Nimelima Jumamosi na hili tumbo. Kila siku redioni wanasema hatutaki kupe, hatutaki wanyonyaji, asiyefanya kazi asile. Halafu mnyonyaji mkubwa kuliko wote anakuja ananikalia tumboni, nyote mnamwogopa kwa sababu anaongea kwa adabu!"

Twalibu alianza kucheka kidogo, akajizuia. Thuraya alikuwa akihesabu vidole: Alhamisi, moja. Ijumaa, mbili.

"Mgeni siku mbili," alisema polepole.

Lugembe akamalizia, "Siku ya tatu mpe jembe."

"Ni haki yangu hiyo, Maalimu, au si haki yangu?"

Twalibu aliweka mkoba chini. "Ni haki yako. Ya zamani kuliko ya kwake. Lakini sikiliza vizuri, binti. Akilikataa jembe, au akilishika akashindwa, ugeni wake umekwisha, atatoka. Akilipokea na akamaliza kazi uliyompimia kabla jua halijazama, si mgeni tena. Ni mwenyeji, na hapo hata mie naweza kuhama Tabora. Na neno la pili: akishashika jembe usimpe kitu kwa mkono wako. Si maji, si mkeka, si pole. Ukimpa chochote, umemkaribisha upya."

"Akilipokea je?" Lugembe akanong'ona. "Mwanangu, akilipokea?"

"Akilipokea atalima," akasema Thuraya. "Atajua tulivyochoka sisi."

Jumamosi ilipambazuka na jua kali. Wafanyakazi wa kituo walikuta Thuraya ametangulia shambani, kanga imefungwa kiunoni chini ya tumbo, jembe begani. Mfaume alikuwa amesimama nyuma yake na hakutaka kusikia la kuambiwa arudi mjini. Thuraya alipima eka moja kwa hatua, akachomeka vijiti kwenye pembe zake, kwenye sehemu ngumu yenye visiki ambayo kila mtu alikuwa akiikwepa. Kisha akasimamisha jembe ardhini, akaliachia, na jembe halikuanguka.

"Umekaa siku mbili," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Leo ya tatu. Jembe lako hilo, na kazi yako ni hii. Lima, au ondoka."

Jembe likasimama. Mpini ukaanza kuwa mweusi mahali mikono inaposhika. Kisha likainuka.

Kelele zilizopigwa hapo sitaki kuzieleza. Bwana Kasimiri alijikuta juu ya trekta. Waliobaki wakarudi nyuma hadi kwenye mibuni ya majaribio, na jembe lilikuwa likipanda na kushuka lenyewe kwenye jua jeupe, ti, ti, ti, bila kuchoka, bila kutema mate kiganjani, bila kuinuka kunyoosha mgongo, likikata visiki kama mihogo, tuta baada ya tuta, na kila tuta liligeuka jeusi nyuma yake, na kufika saa tatu, robo ya eka ilikuwa imekwisha, na kufika saa nne, nusu yake, na Lugembe alikuwa akisema kwa Kinyamwezi maneno ambayo hakuyasema tangu azikwe babu yake, na Thuraya alisimama pale pale pembeni ya shamba akijiambia kwamba yeye hajafanya kitu, amesimama tu, basi kwa nini magoti yanamtetemeka, kwa nini jasho linamwingia machoni, kwa nini mgongo unakatika kama ndiye aliyeinama, mpaka Mfaume alipomshika mkono na kupiga ukelele, na Thuraya akatazama viganja vyake akaona malengelenge, mabichi, mengine yamepasuka na kutoka damu, viganja vya mtu aliyelima tangu alfajiri.

"Analima kwa nguvu zako," Mfaume akanong'ona. "Thuraya, analima kwa nguvu zako na za mtoto!"

Ndiyo yalivyo maisha ya fugwe, kula nguvu za mche ulioukalia, na nani aliyejua hilo kuliko karani wake? Robo tatu ya eka ilikuwa imelimwa. Twalibu, aliyekuja kushuhudia, alikuwa ameshika kichwa. Wengine walimpigia kelele akimbie, wengine asome aya, wengine alinyang'anye jembe. Thuraya hakufanya lolote kati ya hayo. Alitandika kanga yake kwenye udongo, mbele ya watu wote, akalala chali.

"Mimi nimechoka," akasema. "Nimepumzika. Kuanzia sasa silimi, sisimami, sisaidii. Lima kwa nguvu zako mwenyewe."

Akafumba macho, akalegeza mikono, miguu, shingo. Jaribuni ninyi kupumzika huku jini akilima hatua kumi kutoka kichwani kwenu. Yeye alipumzika kwa ubishi, kwa chuki, kama mtu anayegoma. Ti, ti, ti, likasema jembe. Kisha ti. Kisha kimya kirefu. Kisha ti moja dhaifu, ya jembe lililoangukia udongo kwa uzito wake tu.

"Binti," ikasema ile sauti, na sasa ilikuwa na pumzi, pumzi fupi ya kukwaruza. "Jua kali. Naomba maji."

Thuraya akayabana macho.

"Thuraya. Mwanangu. Maji."

Hapo akafumbua macho, maana ile haikuwa tena sauti ya mgeni. Ilikuwa ya mama yake, Bibi Tufaha. Mama yake alifariki miaka minne nyuma, baada ya kupasuliwa tumbo, na madaktari walikataza asipewe maji, na Thuraya alikaa kando ya kitanda na bilauri imejaa siku nzima akiambiwa *Thuraya, mwanangu, tone moja tu*, akatii madaktari, na mama akafa na midomo imepasuka. Hajawahi kumwambia mtu, hata Mfaume. Na sasa sauti ile ile, uchovu ule ule, ikitoka kwenye tuta jeusi: "Tone moja tu, mwanangu. Ile siku nilikusamehe. Leo usininyime tena."

Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea ndoo ya maji ya wakulima. Vidole vikagusa kata. Twalibu alifunika uso.

"Mama yangu," akasema Thuraya, na alikuwa akilia waziwazi, kamasi na machozi, "mama yangu alikuwa na miguu miwili akateka maji kwenye kisima cha Ipuli miaka hamsini, akawapa majirani, akawapa wapita njia. Siku ya mwisho aliomba kwa sababu hakuweza kusimama. Wewe unaweza. Kisima kile pale." Akarudisha mkono kifuani. "Nenda kateke."

"Nyumba ya Humaidi—"

"Nyumba ya Humaidi leo haina adabu. Kawaambie na wenzako."

Jembe likayumba. Wote waliliona likiinuka mara moja, kiasi cha shubiri, kama mkono unaojaribu, kisha likaangukia ubavu. Upepo haukuwepo, lakini pale mwisho wa tuta masizi yalianza kumwagika kutoka hewani, mengi, kama gunia lililochanwa, yakarundikana mpaka magotini, na chini ya rundo ikasikika ile hodi, mara moja, ya chini, yenye adabu. Hakuna aliyeitikia. Ikapigwa tena. Watu zaidi ya ishirini, waliolelewa wote kuitikia, walisimama wamebana midomo, Bwana Kasimiri akiwa juu ya trekta ameziba mdomo kwa mikono miwili. Haikupigwa mara ya tatu.

Mvua ya saa saba ndiyo iliyolichukua lile rundo, likaingia mtaroni, likaenda. Lakini kabla ya mvua, Lugembe alikuja na ile kata imejaa maji, akapiga goti kwenye udongo mbele ya mwanamke ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Thuraya alikaa. Mashavu yalikuwa yamesinyaa, midomo imekauka, chini ya macho weusi wa uchovu. Alikuwa amerudi kuwa mbaya kama mjamzito yeyote wa miezi saba aliyeshinda juani.

"Kunywa, mayo," akasema Lugembe, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

Aliishika kata kwa viganja vyenye damu, akanywa. Alikunywa bila kupumua, maji yakimtiririka kidevuni, na Mfaume amepiga magoti pembeni, jicho kwenye lile tumbo, hathubutu kuuliza. Kata ilikuwa inakaribia kwisha pale, upande wa kushoto, chini kabisa ya ubavu, ilipotoka teke moja zito, la dereva wa lori, hata kata ikamtoka mkononi na maji yakammwagikia Mfaume usoni.

Thuraya akaiokota, akampa Lugembe.

"Ongeza," akasema.